Simu Zilizolala kwa Pelagia

Pelagia hakuzaliwa kijijini kwetu, na hilo ndilo jambo la kwanza watu walilolikumbuka mambo yalipoharibika. Kwao ni Kiabakari, pale barabarani, ambako baba yake alikuwa na mashine ya kusaga. Alikuja huku kwetu upande wa Bunda kwa ndoa, akaolewa na Abednego, mtu mpole aliyependa redio kuliko ng'ombe, jambo ambalo kwa ukoo wake lilionekana kama ugonjwa. Abednego alipofariki, wengi tulitegemea mjane afunge virago arudi kwao. Hakurudi. Alikuwa na binti yake, Wankyo, anayesoma bweni, alikuwa na nyumba ya bati aliyoijenga na marehemu tofali kwa tofali, na kaburi la marehemu liko pale pale nyuma ya nyumba. Alisema yeye ni wa hapa na atazikwa hapa.

Mimi naitwa Yuliana, nashona nguo kwenye baraza linalotazamana na kibanda chake. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona alinieleza mwenyewe. Natangulia kusema hivyo kwa sababu siku hizi kila mtu hapa ana hadithi yake kuhusu Pelagia, na nyingi zimetungwa ili mtungaji apate usingizi.

Kazi yake ilianza na sola yenye betri kubwa aliyoiacha marehemu. Nguzo za umeme zilishapita kijijini kwetu, tena nene, zikaenda moja kwa moja kwenye hoteli ya watalii iliyo karibu na mpaka wa hifadhi. Sisi tulibaki kuzifungia mbuzi. Kwa hiyo mtu akitaka simu yake iwake alimpelekea Pelagia jioni, akaifuata asubuhi. Ndani ya kibanda kulikuwa na ubao mrefu ukutani, nyaya zinaning'inia, na simu zimepangwa kiukoo, za akina Burito huku na za akina Machage kule. Hakuandika jina la mtu kwenye simu yoyote. Alizijua zote kwa nyufa zake na kwa mipira iliyofungia betri.

Watu walimwamini kupita kiasi. Mzee Machage, kiongozi wa sungusungu wetu, hajui kusoma vizuri, na meseji zake zote alisomewa na Pelagia, hata zile za ugomvi wa ukoo. Hakuna siku hata moja neno la meseji hizo lilitoka nje ya kibanda. Mimi mwenyewe, rafiki yake, nilijaribu kumchimba mara nyingi nikaambulia kucheka.

Halafu akaja Nathan. Kijana wa Musoma, ana pikipiki, fulana ya bluu imeandikwa Mvua Mlangoni kifuani. Kampuni yao ilikuwa na ofisi mtaa wa Mukendo, huko Musoma, na walikuwa wanagawa programu ya simu inayokuambia mvua itanyesha lini, si mkoa mzima wa Mara kama redio inavyobahatisha, bali shambani kwako. Tena ilitaja bei za ng'ombe minadani. Yote bure. Alimwomba Pelagia awawekee watu, na kwa kila simu angepata kitu kidogo cha sabuni. Pelagia alifurahi, si kwa sabuni tu. Mwaka ule wakulima wa pamba walikuwa wamepanda mara mbili na mbegu zikaoza.

Basi watu walikuwa wanamkabidhi simu na kuketi kwenye benchi langu kupiga soga. Simu ilipouliza maswali yake, Pelagia alimwita mwenyewe aje asome. Mwenyewe anajibu akiwa huku huku kwenye benchi, wewe bonyeza tu, Mama Wankyo, mbona unatusumbua. Swali moja lilimtatiza: simu ilitaka ruhusa ya kujua mwenye simu alipo wakati wote, hata programu ikiwa imefungwa. Alimuuliza Nathan. Nathan akacheka akamjibu kwamba mvua itajuaje shamba lako lilipo kama hutaki kuonyesha ulipo? Kwa kweli ilikuwa na mantiki. Pelagia akabonyeza Nakubali, simu baada ya simu, kwa kidole chake.

Na mvua zilikuja kama ilivyosema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba haikuwa utapeli. Watu walipanda kwa wakati, pamba ikasimama, na Pelagia akaheshimika kama mganga.

Uliofuata ulikuwa mwaka wa ukame. Sitajitia utakatifu hapa: majani yalipoisha kwetu, watu waliingiza ng'ombe hifadhini. Babu zetu walichunga kule kabla ya mpaka kuwepo, mpaka ukaja, ukasogea, ukasogea tena, na kila ukisogea tunaambiwa sisi ndio tumevamia. Mtu mwenye ng'ombe wanaokufa hawezi kukaa akitazama nyasi ng'ambo ya bikoni, zile nguzo fupi za mpaka. Waliingia usiku na kutoka kabla hakujapambazuka, kama walivyofanya miaka yote, na miaka yote askari wa hifadhi walikuwa wanabahatisha.

Safari hii hawakubahatisha. Kila korongo walilopita wachungaji, askari walikuwa wameshakaa wanawasubiri. Ng'ombe wakakamatwa, wakapigwa mnada. Burito, shemeji yake Pelagia, kaka wa marehemu, alipoteza zizi lote. Alikuwa mtu wa kelele na masihara, na baada ya mnada ule akawa anakaa kwenye kiti chake akitazama zizi tupu, ukimsalimia hajibu. Watu wakasema kuna msaliti. Wakamshika mwanakijiji mmoja, Mwandu, kwa sababu alionekana Bunda mjini akila chipsi na askari mmoja, wakampiga hadi akapoteza meno ya mbele. Mwandu hakuwa na hatia, na mpaka leo hakuna aliyemwambia pole.

Msaliti tulikuja kuonyeshwa mchana kweupe. Afisa mmoja wa serikali, wa ofisi inayoshughulika na mipaka, alituita kwenye darasa la shule ya msingi. Madirisha yakazibwa kwa khanga, akawasha mashine yake, na ukutani ikatokea ramani ya kijiji chetu. Juu ya ramani kulikuwa na nukta nyekundu zinazotembea. Akasema hana majina ya watu, ofisi yake haina haja ya majina, wasiogope. Ana nukta tu.

Lakini nukta inalala nyumbani kwako, utaikataaje? Kila mtu alitafuta bati lake kwenye ramani akaiona nukta yake imelala juu yake. Kisha afisa akasogeza saa mbele, nukta zikaamka usiku, zikatoka, zikajipanga mstari, zikavuka mpaka. Nukta moja haikuelekea hifadhini. Ilitoka kwa Clementi, katekista msaidizi, ikalala kwa mama muuza gongo, na ilipoonekana imefanya hivyo tena wiki iliyofuata, mke wa Clementi akasimama akatoka nje. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo utajua tulivyokuwa tumeshikwa na hofu.

Mzee Machage akauliza hizo nukta zimepatikana wapi. Afisa hakuficha hata kidogo, alikuwa na fahari. Akasema zimetoka kwenye simu zetu wenyewe, kwenye ile programu ya mvua, ofisi imezinunua kihalali. Na akaongeza neno ambalo nataka ulishike, maana ndilo lililokuja kutuponza. Alisema tusidhani kuzima simu ni ujanja. Nukta ikizimika jioni na kuwaka asubuhi, mwenye nukta hiyo ndiye watakayeanza naye.

Sikuhitaji kugeuka kumtazama Pelagia. Darasa zima lilikuwa limeshageuka.

Sasa niseme jinsi tunavyoamua mambo. Huku Mara ng'ombe wakiibwa hatuanzi na polisi. Tunapiga yowe na kufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji cha watu, wenye kijiji wanaitwa wazipokee, wazifuate wao hadi wazitoe mpakani kwao, na wenzao waone kwamba zimetoka. Zikifia ndani, hakuna anayeuliza tena kama ni wezi au si wezi. Wanalipa. Ni sheria ngumu, lakini imetunza ng'ombe kuliko kituo chochote cha polisi, na hakuna aliyewahi kuilalamikia mpaka siku ilipomwangukia mjane mmoja.

Wazee walikaa wakamwita. Mzee Machage hakuwa na hasira, alizungumza taratibu kama anavyozungumza na wanawe.

"Mama Wankyo, hatusemi umetuuza. Tunasema nyayo zimeingia kwako, watu wote wameona. Tuonyeshe zimetokea wapi."

Alipewa muda hadi mnada unaofuata. Akimleta mtu wa kuzipokea, yeye huru. Akishindwa, zimefia kwake, na kwa kuwa hana ng'ombe wa kulipa, atafunga nyumba na kurudi kwa baba yake Kiabakari. Burito alikuwepo. Kama mkubwa wa ukoo angeweza kumtetea mke wa marehemu mdogo wake. Aliangalia fimbo yake.

Pelagia akapanda gari kwenda Musoma. Palipokuwa na ofisi pale Mukendo alikuta duka la magodoro, na muuza magodoro hakuwahi kusikia habari za mvua. Aliulizia hadi akampata Nathan mtaa wa pili, siku hizi anauza viti vya plastiki. Nathan alimkumbuka, akamkalisha kwenye kimojawapo cha viti vyake, akamnunulia soda. Alikuwa kijana mwenye adabu, Pelagia hakuchoka kulisema hilo, na mimi nilichoka kulisikia.

Alimwuliza waliiba vipi nukta za watu. Nathan akasema hakuna aliyeiba.

"Mama, ile app sisi tulipewaga bure, tukagawa bure. Sasa wale waliokuwa wananilipa mshahara, unafikiri walikuwa wanakula mawingu? Nukta zilikuwa zinaenda kwa kampuni ya nje, hata nchi sijui. Hao wanakusanya za watu wa kila mahali, wanauza. Mwenye matangazo ananunua, benki inanunua, serikali nayo inanunua."

Pelagia akasema serikali si ingeweza kuuliza tu. Nathan akatikisa kichwa. Alivyofundishwa yeye, ni kwamba serikali ikitaka kuchungulia simu ya mtu inatakiwa iende kwa hakimu ikaombe kibali na kueleza sababu. Lakini kitu cha dukani hakiombewi kibali, kinalipiwa, na muuzaji hakuulizi unakwenda kukifanyia nini.

"Na nani alikubali nukta ziuzwe?" akauliza Pelagia.

"Wewe, mama. Si ulibonyeza?"

Alimsihi aje kijijini aseme maneno hayo hayo mbele ya wazee, siku moja tu. Nathan akakataa kwa upole, yeye alikuwa kibarua, akisimama mbele ya wenye ng'ombe ndiye atakayepigwa. Akamfundisha namna ya kufuta ile programu na kufunga ruhusa ya mahali, akamsindikiza stendi.

Wakati wa kurudi akateremka Bunda akamwona yule afisa ofisini kwake. Naye alimpokea vizuri, akampa maji ya chupa. Akamweleza kwamba kila kitu ni halali, kwamba ofisi inanunua nukta kama inavyonunua dizeli, na kwamba hawezi kuhudhuria kikao cha nyayo kwa sababu kikao hicho sheria haikitambui. Pelagia alimwambia kwamba kikao hicho kitamfukuza nyumbani kwake. Afisa akasema hilo ni jambo la kifamilia, akamshauri aende ustawi wa jamii.

Ndivyo watu wote hawa walivyo. Wana adabu, wanakupa soda na maji, na mikono yao ni misafi. Aliyeuza hajui kilichotendeka, aliyenunua hakuiba, aliyegawa alikuwa kibarua. Ukifuata mstari mzima unamkuta mtu mmoja tu aliyegusa simu kwa kidole, naye ni mjane wa kuchajisha.

Alirudi kikaoni mikono mitupu. Akasimulia alichokisikia, akapendekeza afute programu kwenye simu za watu wote, jioni ile ile, bila malipo. Nilidhani wangekubali. Lakini sisi ni watu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe akibanwa hutafuta ujanja kabla ya kutafuta amani. Zamani wezi wa mifugo hawakufuta nyayo, waliingiza ng'ombe mtoni na kuwatembeza majini hadi mfuataji akose pa kuanzia. Burito, aliyekuwa kimya tangu mnada, ndiye aliyefungua mdomo.

"Tukifuta watajua tumestuka. Tukizima, yule afisa amesema ataanza na sisi. Mimi naona tuache watuone tumelala."

Wazee wakaelewa mara moja. Simu zibaki kijijini zinawaka usiku kucha, ng'ombe waende. Shida ilikuwa betri. Simu zetu ni za mtumba, usiku ukianza tu zimeshazimika, na nyumbani hakuna umeme. Penye umeme usiku ni mahali pamoja tu, kibandani kwa Pelagia. Basi ikaamuliwa kuwa hiyo ndiyo faini ya Pelagia: kila jioni apokee simu za wachungaji wote, azilaze kwenye chaji bila malipo hadi mvua zirudi. Akifanya hivyo, anabaki nyumbani kwake.

Aliniambia kwamba moyo wake ulipiga kwa furaha aliposikia neno kubaki. Lakini hakuwa mjinga, akanyoosha mkono.

"Mzee, zikilala zote kwangu, si wataona watu wote wako kwangu?"

Mzee Machage akamtazama kwa huruma.

"Watu gani, mama? Hizo ni simu."

Na kwa kweli nani kijijini kwetu angedhani simu ni mtu? Simu ya Grace, mke wa Burito, inashinda na watoto, kesho iko kwa jirani, keshokutwa imesafiri na bodaboda kufuata dawa. Hatukujua kwamba kuna watu wanaolipwa kwa kuamini simu ni mwenyewe.

Ujanja ulifanya kazi. Ng'ombe waliobaki waliingia na kutoka, na askari hawakuonekana. Jioni wanaume walikuja kwa Pelagia mmoja mmoja, wanaweka simu kwenye ubao, wanaondoka. Na wakaanza tena kumsalimia. Burito alikuwa na ng'ombe wachache wa kuazimwa na wajomba zake, akaanza tena masihara. Grace akamletea Pelagia maziwa, akakaa naye kibandani akicheka kama zamani. Wankyo aliporudi likizo alimkuta mama yake anaimba akipiga deki. Nilimwambia, Pelagia, hawa watu usiwasahau walivyokutazama kule darasani. Akanijibu kwamba ndugu wakikukasirikia hawaachi kuwa ndugu. Sikupenda, nikarudi kushona.

Kwenye ramani ya afisa hali ilisomeka vingine. Zile nukta zilizokuwa zinatawanyika usiku sasa zilikusanyika kwenye kibanda kimoja, kila usiku, zikakaa hadi asubuhi. Na kwa bahati mbaya, siku hizo hizo mtu aling'oa bikoni mpya za mpakani akazitupa korongoni. Nani aling'oa sijui, na ningejua nisingesema. Ofisini wakajumlisha moja na moja wakapata kikao cha siri.

Walikuja asubuhi, jua limeshachomoza, wakati ambao wanaume wanafuata simu zao. Magari mawili, polisi na yule afisa wetu. Wakawakuta watu wamesimama mbele ya kibanda, umande na majani ya hifadhi bado yako kwenye suruali zao, na Pelagia anachomoa nyaya. Wakampokonya kazi. Simu zote zikatolewa nje zikapangwa juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

Afisa alisema kwa utulivu kwamba wenye simu wajitokeze. Kila mtu achukue yake na aseme usiku alikuwa kwenye kikao gani. Kama hakukuwa na kikao, basi, askari watamsindikiza hadi nyumbani waone zizi lake na ng'ombe wake wamelala wapi, na yataisha.

Ng'ombe walikuwa bado njiani wanarudi na vijana. Kila aliyesimama pale alijua hilo. Kuchukua simu kulikuwa sawa na kuwapeleka askari kwenye zizi tupu.

Nilisema mimi. Nilimwambia afisa kwamba hakuna kikao, hizo ni simu za kuchaji tu, huyu mama ndiyo kazi yake. Akaniuliza yangu ni ipi pale mezani. Yangu ni ya vitufe, ilikuwa mfukoni. Akaniambia nikae pembeni, nisiwasemee wengine, wana midomo.

Midomo walikuwa nayo. Mzee Machage alitazama barabara. Clementi alitazama viatu vyake. Polisi mmoja akachukua simu moja, akaibonyeza, kioo kikawaka, ikatokea picha ya mtoto wa mwisho wa Burito siku ya ubatizo, kavaa gauni jeupe nililolishona mimi mwenyewe. Akamsogelea Burito, labda kwa sababu ya sura, maana mtoto yule ni Burito mtupu.

"Hii ni yako?"

"Siijui."

"Na huyu mtoto?"

"Watoto wanafanana, afande," akasema Burito.

Grace alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Alijifunika mdomo kwa khanga.

Afisa akamgeukia Pelagia. Akamwambia kwamba kumbe wenye simu hawapo, basi yeye atawasaidia. Simu hizi za nani? Pelagia alizijua zote, hata ungemfumba macho. Aliwatazama watu wale, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama anayempa kila mtu nafasi yake. Alipofika kwa Burito akakaa naye kidogo zaidi. Burito akaangalia juu kana kwamba kuna ndege.

"Mimi naweka chaji tu," akasema Pelagia.

Watu wale walikuwa wamemtuhumu kwa usaliti ambao hakuufanya. Pale aliushika mkononi, angeweza kuwataja kwa majina na kurudi ndani kunywa chai, na hakufanya hivyo. Mimi ningewataja wote, pamoja na baba zao. Nilitamani ataje. Mpaka leo kuna siku ninapokata kitambaa kwenye meza ile nakasirika naye kwa kutotaja, hasira ya kweli, halafu nakumbuka kwamba nakasirikia mtu asiyestahili.

Wakampandisha kwenye gari, na simu wakazitia kwenye gunia la mkaa. Gari lilipoondoka wanaume wakatawanyika haraka, wakawahi kuwapokea ng'ombe.

Walimhoji Bunda, wakamhamishia Musoma, wakamhoji tena. Mwishowe wakaona hakuna kosa la kumfungulia, wakamwachia. Simu zikabaki kama vidhibiti. Lakini kabla hajaachiwa, kijijini walishakaa kikao. Ikasemwa kwamba mama yule ana mkosi na serikali, akirudi atawaleta tena, heri apumzike kwao. Burito akaweka kufuli lake kwenye nyumba ya mdogo wake. Kibandani wakaingiza ndama. Hakuna aliyetumwa kumwambia. Alikuja mwenyewe siku moja, akakuta kufuli, akakaa kidogo nyuma ya nyumba kwenye kaburi la Abednego, akanipa funguo zake ambazo hazikufungua tena kitu, akaondoka. Kiabakari hakwenda, aliona aibu kwa baba yake.

Mvua zilipokaribia, watu wakaanza kununua simu nyingine. Na wakaja kwangu, bila haya, simu mkononi. Eti Yuliana, wewe ulikuwa unakaa naye, hukumwona anavyoweka ile ya mvua? Wa kwanza kuuliza alikuwa Mzee Machage. Nilimjibu maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kumwambia mzee, na sijutii.

Mwezi uliopita nilikwenda Musoma kununua vitambaa, nikapita mtaa wa Kitaji nikamtafuta Pelagia. Anakaa kwa binamu yake, anakaanga sangara pembeni ya njia. Amekonda, nywele zimeingia mvi, ila mikono ni ile ile ya taratibu. Aliniuliza habari za Wankyo shuleni kana kwamba mimi ndiye mama yake, maana barua za shule bado zinakuja kwetu. Akauliza nani anapalilia pale nyuma ya nyumba. Nikamwambia ni mimi. Akageuza samaki, halafu akauliza lile alilokuwa analizunguka tangu nifike.

"Wananiuliziaga?"

Nilifikiria kumdanganya. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, kwamba Grace analia, kwamba wazee wanafikiria upya. Lakini huyu mtu alishadanganywa na watu wenye adabu kuliko mimi.

"Wanauliza kama polisi watarudisha simu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, akakataa hela yangu, akaniambia mmoja nimpelekee Grace.